Nyenje Niliyemtengeneza kwa Ndoo

Wajukuu zangu mnaokutana kwa Zubeda pale Usagara, nimepata ujumbe wenu wa tatu. Wa kwanza niliwajibu kwamba ufunguo wa sanduku umepotea. Wa pili nikasema mvua zimezidi, na kanda hazipendi unyevu. Huu wa tatu umenikuta sina uongo uliobaki, kwa hiyo nimeamua kuwaandikia ukweli. Mnataka kanda zangu zote mziingize kwenye kompyuta na kuziweka mtandaoni, ili kila mwenye simu achukue kipande apendacho akitie kwenye muziki wake. Ni jambo jema. Nami tangu mlitaje sijala nikashiba.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Baba yangu, Mshambaa wa Kilutheri aliyeteremka kutoka milimani kuja kufanya useremala kwenye shamba la mkonge, alikuwa akisema, "Naomi ukimpa uji wa moto anauogopa, ukipoa anauogopa zaidi." Watu hudhani wasiwasi ni ugonjwa. Katika kazi yetu ni mshahara wa ziada. Mwenye wasiwasi hubeba betri mara mbili ya zile anazohitaji, hujaribu waya kabla ya kusalimia watu, na hunasa ukimya wa chumba kwa dakika nzima kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Huo ukimya msiupuuze. Siku mtakapotaka kukata kikohozi cha mtu katikati ya wimbo, mtahitaji kitu cha kuziba pengo, na hakuna kinachoziba vizuri kama ukimya wa chumba kilekile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilichukua sauti za watu wa pwani hii na za wale waliohamia, nikazipitisha kwenye mitambo, zikatoka muziki ambao mwanzoni hakuna aliyeutaka. Fidla ya taarabu juu ya kwaya ya kanisani iliyopunguzwa mwendo hadi ikawa ngurumo. Wapemba wakiimba kasida, na chini yao kinanda cha umeme kikishika noti moja tu. Mara ya kwanza kupiga kitu hicho mbele za watu, mama mmoja mpenzi wa taarabu alipanda jukwaani na shada lake la asumini kumtunza mwimbaji. Mwimbaji hayupo. Akasimama pale, akangoja, akanitazama, akatazama mtambo unaozunguka, mwisho akauvika mtambo lile shada na kurudi kitini kwake. Maua yaliingia kwenye gurudumu na kanda ikakatika. Hayo ndiyo maua yangu ya kwanza katika kazi hii.

Aliyenifundisha mitambo alikuwa Fundi Anselmi, Mkatoliki, wazazi wake walikuja hapa kukata mkonge na yeye akaishia kutengeneza redio. Duka lake lilikuwa hapohapo Usagara. Alinifundisha kukata kanda kwa wembe: mkato uwe wa mshazari, usiwe wa wima, maana wa wima huacha mlio wa "tap" kwenye kiungo. Wembe ufutwe kwa spiriti. Usikate ukiwa na njaa, usikate ukiwa na hasira. Alinifundisha kuunga kichwa cha kanda na mkia wake ili sauti izunguke bila kwisha. Na alinifundisha jambo moja nililolidharau: kila kipande cha sauti ukikitengeneza, kiandike jina, siku na mahali ulipokitumia, kabla hujakisifu. Mimi nilikuwa kijana na kichwa changu kilikuwa chepesi. Nikamwambia nitakumbuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu limevunjika kama mtakavyoona.

Sasa niwaambie habari za Bi Mwanakombo.

Tulikaa naye jirani Nguvumali. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la nne, na tangu hapo nywele zangu zilisukwa uani kwake. Alikuwa kungwi, yaani ndiye aliyewafunda wasichana wanapokaribia kuolewa. Nilipochumbiwa, alivuka barabara akamwambia baba kwamba mimi nitafundwa kwake, Mlutheri nisiwe Mlutheri. Baba akababaika kidogo. Mimi nikababaika sana. Nilipofika mlangoni kwake nikiwa na msalaba wangu shingoni na hofu yangu tumboni, aliniambia, "Dini yako iache hapo na viatu. Ukitoka utavivaa vyote viwili. Humu ndani ni mambo ya wanawake." Nikaingia, na kuanzia siku hiyo nikawa mwari wake naye akawa somo yangu.

Niliyofundwa siyaandiki. Nitasema tu kinachohitajika ili mnielewe. Kuna ngoma ndefu inayoitwa msondo, nayo ina mapigo yanayosema. Aliyefundwa husikia maneno. Asiyefundwa husikia ngoma. Na kuna pigo moja ambalo mwanamke aliyefundwa akilisikia lazima alijibu kwa makofi, makofi ya namna yake, na mikono hujibu kabla ya kichwa. Hilo pigo hupigwa ndani, mlango umefungwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na mitambo yangu na kiburi changu, nilikuwa nikifua uani. Ndoo ya plastiki ilikuwa imegeuzwa kifudifudi mbele yangu. Vidole vikaanza kucheza juu yake vyenyewe, na kabla sijajua vilikuwa vinapiga pigo lile. Lilikuwa zuri. Nikanyanyuka na mikono yenye povu nikaleta kinasa sauti. Wasiwasi wangu, ambao hunikataza hata kuvuka barabara, siku hiyo ulilala. Nilijipa fatwa mwenyewe, mimi Mlutheri: hii si msondo, ni ndoo. Hakuna maneno. Tena hakuna atakayelijua, maana nitaliharakisha.

Nikalinasa kwa mwendo wa pole, nikalipiga kwa mwendo mara mbili huku mtambo wa pili ukinasa, kisha hilo nikaliongeza mara mbili tena, na tena. Mara nane kwa jumla. Mapigo yakashikana, yakawa mlio mmoja mwembamba unaotetemeka. Akawa nyenje. Lakini si nyenje yeyote, alikuwa na mwendo wa aina yake ndani ya sauti, kama mtu anayetembea huku anaringa. Fundi Anselmi alipomsikia aliacha kazi yake, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni nyenje. Akacheka, akasema nyenje huyu amesoma.

Nilimpenda yule nyenje kupita kiasi. Kila kazi iliyokuwa na mahali patupu nilimtia humo, kidogo tu, kwa chini. Na sikuandika popote.

Basi ikaja siku ya ukumbi. Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, ukumbi wa mjini umejaa, na Bi Mwanakombo amekaa mstari wa mbele kwa sababu mimi mwenyewe nilimwalika. Nilimtumia mtu na kanga mpya. Mpiga fidla alikuwa kulia kwangu, mimi kwenye kinanda, na kanda ya nyenje ikizunguka kwenye mtambo nyuma yetu. Katikati ya kazi umeme ukapungua nguvu. Haukukatika, ulilegea tu kama ulivyo mtindo wake. Taa zikawa nyekundu. Mtambo ukaanza kuchoka, gurudumu likaenda pole, na yule nyenje wangu akaanza kushuka. Alishuka akawa mbu, akashuka akawa ngurumo ndogo, na kabla kanda haijasimama kabisa akafunguka. Kwa muda wa mtu kuhesabu hadi sita, ndani ya ukumbi ule wenye waume na watoto na wageni, pigo la msondo likasikika waziwazi.

Na lilijibiwa. Huko nyuma wanawake kama wanne hivi walipiga makofi yale. Hawakukusudia. Niliona mmoja anaitazama mikono yake baada ya kupiga kana kwamba si yake. Wanaume wakageuka kuwatazama, mmoja akacheka, akauliza kwa sauti ni mchezo gani huo. Wale wanawake wakainamisha vichwa. Bi Mwanakombo yeye hakupiga. Aliikamata mikono yake chini ya buibui, nikaona kitambaa kinavyovutika. Akanyanyuka, akatoka. Umeme ukarudi, nyenje akapanda juu tena, na watu wengine wakadhani yote ilikuwa sehemu ya kazi. Walipiga makofi ya kawaida. Nilitamani sakafu inimeze.

Kesho yake nilikwenda Nguvumali. Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kutoa mawe. Nilikaa chini. Nikaeleza yote, ndoo, kanda, mwendo mara nane, nikizungumza haraka jinsi mwenye hatia anavyozungumza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningekupa ruhusa umpigie binti yako," akasema. "Mjukuu wako ningekupa. Hata wangu mimi, ningekuwa nimekufa. Ukumbi sikukupa."

Nikamwambia kwamba lilikuwa limefichika, kwamba pasingetokea ule umeme hakuna ambaye angejua.

"Mwari wangu, mimi kitu hiki nilikupitishia mlangoni. Wewe umekitoa dirishani. Sasa kikusanye. Kila ulipokitia, ukakitoe, ukirudishe ndani."

Nikaahidi. Alinipa maji nikanywa, na hatukugombana tena. Lakini tangu siku ile kila sikukuu nilipokwenda kumtazama alikuwa na swali moja kabla ya habari za watoto: "Umekusanya?" Nami nilikuwa nikijibu, "Bado, somo."

Maana nilikuwa nakusanya kweli. Nilikaa na masanduku yangu, kanda baada ya kanda, wembe mkononi. Hapo ndipo nilipokiona cha moto. Bila maandishi, ilinibidi nisikilize kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, na yule nyenje nilimtia kwa chini mno, chini ya zumari, chini ya kwaya. Nilimtoa kwenye kazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwaka ukipita napata mmoja. Nilifika sita. Na kila nikimaliza sanduku nilikuwa na hakika kwamba kuna mwingine nimempita.

Bi Mwanakombo akaugua. Nilikwenda kumwona akiwa amelala ubavu, amekonda, mkono wake mwepesi. Hakuweza kunyanyua kichwa lakini swali aliliweza. "Umekusanya?" Binti yake alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji. Nikamtazama somo yangu, nikasema, "Nimemaliza, somo. Vyote vimo ndani." Akafumba macho, akanibana kidole. Alifariki baada ya siku chache.

Nimedanganya watu wengi katika kazi hii. Wapiga ngoma nimewaambia bado moja tu, nikawarudisha mara kumi. Uongo ule wa kitandani ndio pekee unaonikaba. Nilisema kwa huruma, na pia nilisema kwa uchovu, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Kisha masikio. Mwaka juzi mgeni alikuja kwangu mchana, tukakaa barazani, akasema nyenje wa leo wanapiga kelele hadi kichwa kinauma. Mimi sikusikia kitu. Nilidhani ananitania. Nilikwenda kupimwa, daktari kijana mpole akanieleza kwamba sauti nene bado ninazo, sauti nyembamba zimekwisha na hazirudi. Ndiyo bei ya kukaa karibu na spika, wajukuu zangu, na nyinyi mnaolala na vile vidude masikioni nawaambia mapema. Nilitoka pale najua maana yake. Kama kuna nyenje amebaki ndani ya sanduku, mimi siwezi tena kumsikia. Na nyinyi mna kompyuta. Enzi zangu kupunguza mwendo wa sauti mara nane ilikuwa kazi ya mchana kutwa. Kwenu ni kugusa kidole.

Sasa mmeelewa habari ya ufunguo uliopotea.

Wiki iliyopita Zubeda alikuja peke yake. Wengi wenu hamjui kwamba huyu kiongozi wenu ni mjukuu wa Bi Mwanakombo, mtoto wa yule binti aliyeshika kikombe cha uji. Ni mtu mzima, ameolewa, ana mtoto. Aliniambia, "Bibi, sema unaogopa nini, maana ufunguo nauona umening'inia shingoni mwako." Nikacheka kwa kukosa la kufanya. Sikumweleza yote. Nilimwambia tu kwamba katika kanda zangu kuna mlio wa nyenje wa bandia ambao sitaki utoke, na masikio yangu hayaufikii, kwa hiyo anitafutie.

Alileta laptopu yake, akaunga mtambo wangu wa zamani, akavaa hedifoni. Siku ya kwanza alinyanyua kichwa akasema, "Bibi, mbona nusu ya kazi zako ni nyenje?" Moyo ukaruka. Kumbe ni wa kweli. Nilikuwa nikinasa nje miaka yote ile, na nyenje wa pwani hii hawaombi ruhusa. Wamo kwenye kwaya, wamo kwenye kasida. Nikamwonyesha namna ya kuwatofautisha: kila atakayemsikia ampunguze mwendo mara nane. Wa kweli akipunguzwa hugeuka mlango wenye bawaba kavu. Tulikaa siku mbili tukisikiliza milango, nami kila mlango ulipolia nilikuwa nashusha pumzi.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, aliifikia kanda ya Pangani. Hiyo nilivuka kivuko na mitambo kwenye mkokoteni kwenda kuwanasa kina mama wakifua nazi. Upepo wa kule ni adui, nilifunga kipaza sauti kwa kanga mikunjo miwili. Kazi nzuri sana. Zubeda akasema kuna nyenje wawili, mmoja juu ya mwingine, na wa chini anatembea vibaya. Akamshika yule wa chini, akampunguza mwendo, akafungua spika.

Ilikuwa ndoo yangu. Niliijua kabla pigo la pili halijaisha. Mikono yangu ikapanda ikapiga makofi yale, mimi kikongwe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Zubeda alikuwa ananitazama. Mikono yake ilikuwa bado juu ya laptopu.

"Bibi," akasema, "mbona unapiga makofi?"

Nikamuuliza kama hasikii kitu. Akasikiliza tena, kwa adabu, kichwa kimeinama, uso uleule wa bibi yake. Akasema anasikia mtu anapiga ndoo, anapiga vizuri.

Wajukuu zangu, nimekaa na hofu ya kusikiwa miaka yote hii, na hofu ile haikunitayarisha kwa jibu lile. Mama yake alihamia Dar akaona mambo hayo ni ya kizamani. Bibi yake alipofariki, yeye alikuwa shule ya bweni. Ameolewa ukumbini, na MC na keki ya ghorofa, na hakuna aliyemfungia mlango hata siku moja. Pigo la nyumbani kwao alilipata kwangu, mwizi, tena kwa bahati mbaya. Nililia. Akadhani ninaumwa.

Niliogopa kufanya nililolifanya baadaye, na bado naogopa, maana mimi si kungwi. Lakini nilikumbuka maneno ya somo yangu juu ya wajukuu, siku ile uani, mchele ukiwa kwenye ungo. Hata wangu mimi, ningekuwa nimekufa. Nikanyanyuka nikafunga dirisha la barabarani. Nikafunga mlango. Nikamwambia Zubeda azime mitambo yote, na simu, avue viatu. Nikaenda uani nikaleta ndoo, nikaigeuza kifudifudi sakafuni.

Yaliyofuata siyaandiki.

Tulipomaliza ilikuwa karibu na magharibi. Kile kipande cha kanda nilikikata mwenyewe kwa wembe, mkato wa mshazari, na pengo nikaliziba kwa ukimya wa Pangani niliounasa siku ileile. Tulikichoma jikoni. Kilinuka vibaya sana na Zubeda akafungua madirisha. Kwenye laptopu alifuta yeye, akanionyesha mara tatu kwamba amefuta, nikamwomba anionyeshe mara ya nne.

Sanduku mtalipata Jumatatu. Kanda zisikae juani, na msizibebe kwenye bodaboda. Kila mtakachokitoa humo kiandikeni jina kabla hamjakisifu. Hesabu yangu ya nyenje waliokwisha kutolewa ni saba, na simkumbuki wa nane, lakini mimi kukumbuka kwangu mmeshakuona. Kwa hiyo nawaomba: mkisikia nyenje mahali pasipo na mti wala jani, msimpunguze mwendo. Vueni hedifoni mumwite Zubeda. Nyie wa kiume tokeni nje, mngoje hadi muitwe.

Mimi ningali na wasiwasi. Juzi nilipita Nguvumali, nikasimama mbele ya nyumba ile ambayo sasa wamepanga watu wengine, na nilisikia swali lake waziwazi kana kwamba yuko uani. Uongo niliompa kitandani nimeufuta. Nimemjibu, "Bado, somo. Lakini sasa tuko wawili."